Mbonyeo wa Mlango wa Kulia

"Sema umelipenda," Vahe alimwambia, huku akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho chenyewe kilihitaji kufuliwa.

 Corinne alikuwa amesimama kwenye lango la gereji ya marehemu baba yake, mkoba bado begani, sare ya kliniki ya meno bado mwilini, akilitazama gari la mkate. Lilikuwa linang'aa mpaka linaumiza macho. Rangi ya krimu, mistari miwili ya kijani, na yale maneno ya ubavuni, MIKATE YA HOLLIS, yamerudiwa herufi moja moja kwa brashi. Alilizunguka taratibu kuanzia nyuma, na kwa muda wa nusu dakika hivi hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kumzidi katika mji wote wa Burbank. Kisha akafika upande wa kulia.

Akaweka kiganja juu ya mlango. Akakiteremsha polepole mpaka katikati, pale ambapo kwa miaka ishirini na miwili kiganja chake kilikuwa kikizama. Hakikuzama. Bati lilikuwa limenyooka.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Mbonyeo, Vahe. Ule mbonyeo wa hapa uko wapi?"

Vahe Sarkisian akatabasamu, masikini. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi, mtoto wa fundi wa kunyoosha bodi, na kwenye gereji yao kule Glendale mteja akiuliza hivyo huwa anamsifu fundi. "Ule ndio ulionitesa kuliko vyote. Siku nne nzima. Bati la zamani ni gumu, ukilivuta vibaya linajikunja. Lakini hebu pitisha mkono tena. Huwezi kujua kama hapo paliwahi kuguswa na kitu."

Mtu ambaye hajawahi kuishi na mashabiki wa *Mkate wa Jana* ataliona kosa hili kuwa dogo. Vahe alikuta gari limebonyea, akalinyoosha, kosa liko wapi? Lakini ziko filamu tatu, na wapo watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, ambao wamezitazama mpaka wamepoteza hesabu. Katika ya kwanza, Hollis muuza mikate anarudishwa nyuma miaka thelathini akiwa ndani ya gari lake, na kitu cha kwanza anachofanya huko alikotupwa ni kugonga sanduku la barua la binti aitwaye Dottie. Hivyo ndivyo wanavyokutana. Tangu hapo ule mbonyeo hautoki mlangoni, wala haukuwahi kutoka kwenye nakala ya gari hilo aliyoitengeneza baba yake Corinne. Na kila mkondo wa wakati unapovurugika, dunia ikawa ile ambayo Hollis na Dottie hawakukutana kamwe, hakuna anayemweleza mtazamaji. Anaonyeshwa mlango tu. Mlango umenyooka. Watoto wa mashabiki hujifunza kuutafuta huo mbonyeo kabla hawajajua kusoma.

Kwa hiyo Corinne hakupiga kelele. Sauti ilimshuka kabisa.

"Vahe. Sehemu ya pili inaishaje?"

Tabasamu la Vahe likaanza kuondoka. "Inaisha vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Anarudi kwao. Hollis."

"Anatoka dukani, anaangalia gari lake, anakaa chini barabarani analia. Ukumbi mzima hulia naye. Umekaa na mimi kwenye kiti mara tatu tukiitazama. Anachokililia ni nini?"

"Corinne jan..." Vahe alianza, kwa lile neno la kwao la kumwita mpenzi.

"Usiniite jan. Analilia nini?"

Vahe akakikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Sijui," akasema.

Neno hilo lilimwingia Corinne vibaya kuliko lile bati. Walikutana miaka miwili iliyopita kwenye foleni ya sinema kule Pasadena, siku filamu zote tatu zilipoonyeshwa mfululizo. Kabla yake alikuwa ametoka na wanaume watatu, na wote watatu walimcheka. Mmoja alimuuliza kama ana umri wa miaka kumi na miwili. Vahe, mrefu, mwenye nyusi nene na vumbi la msasa kwenye kope, alimjibu pale alipomgeukia kwenye foleni na kumuuliza kama amezitazama: "Mimi nimezitazama zote tatu, mara nyingi tu." Corinne alimpenda papo hapo, na hajawahi kuona aibu kukiri hivyo.

"Hujazitazama," alisema sasa.

"Nimejaribu. Mara nne. Nakuwa nimetoka kazini, ukumbi una giza, kiti kinanibembeleza. Nasinzia."

"Lakini ulikuwa unalia. Nimekuona kwa macho yangu unalia."

"Nilikuwa naamka nakuta wewe unalia. Nikawa nalia na mimi. Ningefanyaje?"

Siku nyingine maneno hayo yangemlainisha. Siku hiyo yalimwongezea hasira, kwa sababu yalikuwa matamu na yamekuja wakati mbaya.

"Miaka miwili umekaa na mimi na uongo mdomoni."

"Uongo gani, Corinne? Ni sinema."

"Rudia."

Hakurudia. Hakuwa mjinga kiasi hicho.

"Huo mbonyeo niliupiga mimi," Corinne alisema. "Nina miaka tisa. Baba amenikalisha juu ya ndoo, amenishika mkono, nyundo ya mpira nzito siwezi kuibeba peke yangu. Tunatazama, tunaisimamisha filamu, tunapima kwa rula kwenye televisheni, tunapiga kidogo, tunatazama tena. Wiki mbili. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, unaelewa? Hakuwahi kunieleza kitu. Alichoniachia ni huo mlango, na wewe umeupiga msasa."

Vahe akakaa juu ya kopo la rangi. Uso ulimgeuka. "Mungu wangu. Ungeniambia."

"Ningekuambiaje kitu ambacho umesema umekitazama mara nyingi?"

"Ungeniambia habari ya baba yako. Hiyo haimo kwenye sinema." Naye sasa sauti ilianza kupanda. "Na mimi niseme langu? Jumapili sita mama yangu anaandaa meza. Sita. Anakunja majani ya zabibu tangu asubuhi, anaweka sahani yako, halafu napiga simu: leo kuna kikao cha chama cha mashabiki, leo imepatikana taa ya nyuma Fresno, leo hiki, leo kile. Jumapili iliyopita ameniuliza, huyo msichana ni kweli yupo, au na yeye umemwona kwenye filamu? Mimi nikajibu nini? Nikajiambia, nikilimaliza hili gari lote, nikalifanya kama limetoka kiwandani, labda atabaki na nafasi. Labda siku moja ataniangalia mimi hivi anavyoangalia bati."

"Usitake kunigeuzia kibao."

"Sikugeuzii. Nakwambia nilikuwa nafanya nini humu ndani wiki tatu, wakati wewe uko kazini."

Ni hapo Corinne alipokumbuka kitu. Gereji ilikuwa na kufuli, na funguo zilikuwa mbili, mmoja ukiwa kwenye mkoba wake.

"Nani alikufungulia?"

 Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mama yake Corinne, Bi Jolene, alikuwa ameegemea fremu yake na kikombe cha kahawa, ametulia.

"Mama. Ulimwona akiuvuta?"

"Siku zote nne," Bi Jolene alisema. "Nilimpelekea na maji ya limau."

"Na ulijua ni nini."

"Mwanangu, mimi nimeishi na mlango huo kuliko wewe."

"Mama Jolene, ulinishauri nimfanyie la kushtukiza," Vahe alisema, amesimama.

"Nilikushauri. Na ameshtuka."

Corinne aliwahi kumkasirikia mama yake mara nyingi, lakini hakuwahi kumwogopa. Sasa aliogopa kidogo. "Kwa nini?"

Bi Jolene akanywa kahawa yake kwanza. "Kwa sababu mmoja alinitosha. Miaka ishirini na sita mume wangu alikuwa mita kumi kutoka jikoni kwangu na sikumwona. Chakula kinapoa, anasema dakika tano. Ukaja na huyu, naye kucha zina grisi, naye akiingia hapa anaenda moja kwa moja gereji. Nikasema simkatazi mtu. Namwachia ufunguo, aharibu mwenyewe. Mwanaume aliyezitazama asingeligusa hilo bati. Ulikuwa na haki ya kujua."

"Haki ya kujua," Corinne alirudia. Alitamani kurusha kitu. Kilichokuwa karibu ni kopo la rangi ya krimu, na hata katika hasira zile alikumbuka rangi hiyo ilichanganywa kwa kazi. Akavua pete badala yake. Walikuwa wamekubaliana aivae kesho mbele ya chama kizima, tarehe tisa Novemba, siku ile ile Hollis anapogonga sanduku. Alikuwa anaijaribu tu kila jioni akirudi kazini. Akaiweka juu ya boneti, ikatoa mlio mdogo.

"Mimi na wewe hatujawahi kukutana," alimwambia Vahe. "Niliyekutana naye alikuwa amezitazama zote tatu. Na hata hayo maneno hujui nimeyatoa wapi."

Hakujua. Ilionekana wazi usoni mwake kwamba hakujua, na hilo ndilo lililomfanya Corinne aingie ndani na kuwafungia mlango wote wawili.

Kesho yake alilipeleka gari Monrovia, mji wa karibu, peke yake. Alifikiria kutokwenda, lakini Mtaa wa Quince ndiko filamu ya kwanza ilikopigwa, na baba yake hakukosa hata mwaka mmoja mpaka alipofariki. Watu wapatao mia mbili walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye nyasi za majirani, wamevaa aproni za waoka mikate na magauni ya Dottie yenye madoadoa meupe. Walipoliona gari linakata kona walishangilia. Lilipopita mbele yao, upande wa kulia ukiwatazama, shangwe ikafa kuanzia mbele kwenda nyuma.

Mzee Otis Pruitt, mwenyekiti wa chama, mstaafu wa posta, alivua kofia yake. "Corinne," akasema kwa sauti ya chini dirishani. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mzee Otis."

"Mlango umenyooka."

"Naujua ulivyo."

Mzee Otis hakuuliza tena. Alimjua tangu anakalishwa kwenye ndoo. Alikwenda kulisimamisha sanduku la barua, la bati, juu ya nguzo iliyochomekwa kwenye debe la zege. Kila mwaka lilisimamishwa pale pale, na kila mwaka saa kumi na dakika kumi na saba gari la marehemu Haldane, baba yake Corinne, lilipita kando yake bila kuligusa. Huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe. Mbonyeo tayari upo, hivyo kugonga ni marufuku. Sifa ni kupita karibu. Marehemu aliwahi kuacha nafasi ya unene wa kidole, na watu wakalizungumza jambo hilo mwaka mzima.

Saa kumi na dakika tano lori la Vahe liliegeshwa ng'ambo. Alishuka na nyundo ya mpira mkono mmoja, na mwingine picha ya mlango aliyoichapisha kwenye karatasi. Macho yalikuwa mekundu na shati lile lile la jana. Corinne alijifanya hamwoni, na moyo ukamwenda mbio vilevile, ukamkasirisha.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nionyeshe mahali. Nitaurudisha. Sentimita kwa sentimita. Hiyo kazi naiweza."

"Umezitazama jana?"

"Hapana." Akaitazama picha ya mlango. "Nilitaka. Nimekaa na rimoti mkononi. Nikaona nikizitazama usiku mmoja nikaja hapa najifanya najua, nitakuwa nakudanganya mara ya pili."

Corinne alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Halafu akaitazama nyundo, na kitu kikamkaa vibaya. Nyundo ile ile, ya mpira, ya saizi ile ile. Baba yake alilipenda gari kiasi kwamba hakuthubutu kuligonga. Alilibonyeza polepole, wiki mbili, kwa rula. Vahe angefanya vivyo hivyo, tena vizuri zaidi. Na mlango ungekuwa na mbonyeo mzuri wa kuigiza, wa pili.

Akageuka kulitazama sanduku. Kisha mlango. Kisha saa.

Mlango ulionyooka ni wa Hollis ambaye hakukutana na Dottie. Lakini ni wa Hollis mwingine pia, wa dakika ya kumi ya filamu ya kwanza, aliye njiani, ambaye bado hajafika kwenye sanduku.

"Panda," alimwambia.

"Wapi?"

"Kwenye usukani. Nenda mpaka kona ile, geuza, njoo. Ligonge lile sanduku."

Vahe alimwangalia kama hakusikia vizuri. "Gari la baba yako?"

"Umeutoa wewe, utaurudisha wewe. Weka nyundo chini."

"Corinne, mimi sijawahi kugonga kitu makusudi maishani mwangu. Kazi yangu ni kinyume chake."

"Na mimi mpaka jana nilijua nina mbonyeo wangu. Sote yametupata. Panda."

Akapanda. Mzee Otis, aliyekuwa amesikia kila neno, alianza kuwarudisha watu nyuma kwa kofia yake bila kueleza. Hakukuwa na haja. Habari ilikuwa imetembea mdomo kwa mdomo, na mama mmoja mwenye gauni la madoadoa meupe alikuwa ameshaanza kulia. Corinne alikwenda kusimama juu ya ngazi za nyumba, mahali pa Dottie, pale ambapo kwa miaka yote hakuwahi kusimama kwa kuwa siku zote alikuwa ndani ya gari, kando ya baba yake na baadaye kwenye usukani.

Saa kumi na dakika kumi na saba gari la mkate lilikata kona. Lilikuja polepole mno, fundi bado anabishana na mkono wake mwenyewe. Kisha likaongeza mwendo. Likapanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja, sanduku likalia, debe la zege likapinduka, kioo cha pembeni kikaruka mpaka kwenye maua ya jirani, na gari likasimama limeinama. Corinne aliusikia mlio ule. Akashuka ngazi.

Kwa kawaida hapa Dottie huuliza swali lake, na Hollis hujibu, na watu wote mia mbili hulisema jibu pamoja naye. Corinne alifika barabarani, mikono kiunoni. Hakuwa anaigiza.

"Wewe," akasema. "Sanduku langu limekukosea nini?"

Vahe alishuka. Watu wakavuta pumzi. Midomo mia mbili ikaanza kutengeneza neno la kwanza, taratibu, wakimsaidia, wakimpa. Angewatazama kidogo tu angelipata. Aliwaona. Akawapa mgongo.

"Sijui jibu lake," alisema, na akalisema kwa sauti. "Sijazitazama. Hata moja sijaifikisha mwisho. Ile siku Pasadena nilikuwa napita kwenda kununua betri, nikakuona, nikaingia kwenye foleni. Sikujua hata ni foleni ya nini. Ukanigeukia, ukaniuliza kama nimezitazama, nikaona nikisema hapana utageuka tena."

Mtu mmoja nyuma alizomea. Wengine wakadakia. Mzee Otis alikaa ukingoni mwa barabara, kofia magotini. Vahe alisimama palepale akazomewa na watu mia mbili waliovaa aproni, wala hakuinamisha kichwa.

Corinne aliwaacha wamzomee mpaka wakachoka. Alistahili.

"Unaitwa nani?" akamuuliza.

Ilimchukua muda kuelewa. "Vahe."

"Mimi naitwa Corinne. Nina hasira sana, Vahe."

"Naona."

"Na umegonga chini mno."

"Ningejuaje?"

"Ungetazama." Akapitisha kiganja mlangoni. Kikazama, si pale pa zamani, chini zaidi na nyuma zaidi, na bati lilikuwa na ncha iliyomkwaruza kidole. "Kesho saa sita mchana. Zote tatu, mfululizo. Ukisinzia sikuamshi, naondoka."

Vahe alihesabu siku kichwani. "Kesho mchana mama anaandaa meza."

 Hata waliokuwa wanazomea waliona huu si wakati wao.

"Mama yako ana televisheni?"

"Anayo. Kubwa."

"Basi mwambie aongeze sahani mbili. Ya pili ni ya mama yangu. Nataka nimkalishe mahali ambapo hawezi kuegemea mlango."

Vahe akatia mkono mfukoni, akatoa pete, akaishika kwenye kiganja chenye vumbi la rangi ya krimu. Hakumpa. Aliishika tu ili aione.

"Kaa nayo," Corinne alisema. "Sehemu ya pili inaisha saa kumi hivi. Hollis akikaa chini barabarani, mimi nitasimamisha filamu na nitakuuliza analilia nini. Ukinijibu, utanivisha mbele ya mama yako. Usiponijibu, utaenda kuiuza."

Vahe aliutazama mlango uliobonyea, muda mrefu, kisha akamtazama yeye, na macho yakamjaa. "Nadhani najua," akasema.

"Hujui. Nyamaza. Endesha."

Corinne akazunguka, akaingia upande wa kulia, wa abiria. Mlango ukagoma kufunga. Bawaba ya chini ilikuwa imepinda. Ikabidi aushike kwa mikono yote miwili njia nzima mpaka Burbank, na kila Vahe alipojaribu kusema kitu alimwambia aangalie mbele.